Ndege inapojitaja "hevi"

Ukitaka kuwasikia marubani hapa Tanga kwa skana, yaani redio ya kusaka masafa, iweke kwenye AM, kati ya 118 na 137 MHz. Redio ya kawaida ya FM haifiki huko hata ukiivuta antena yote. Mawimbi haya hayapindi, kwa hiyo rubani aliye futi 35,000 utamsikia vizuri, lakini mwongozaji wa ndege aliyeko Dar anayemjibu usimsikie kabisa.

Cessna Caravan, ndege ndogo zinazotua hapa, nyingi zina usajili wa Tanzania: 5H na herufi tatu. Tuchukue 5H-ABC kama mfano. Mara ya kwanza rubani huitaja yote. Baadaye hubaki 5BC. Anayeanza kufupisha ni mwongozaji, si rubani. Rubani akijifupishia, na 5H-KBC nayo iko hewani, agizo la kushuka la mmoja linaweza kuitikiwa na mwingine.

Mashirika hutumia jina na namba ya safari, na haya hayafupishwi. Air Tanzania ni "Tanzania", British Airways ni "Speedbird", South African Airways ni "Springbok". Ukisikia herufi mwishoni mwa namba, si siri ya kijeshi: mara nyingi zimewekwa ili safari mbili zenye namba zinazokaribiana zisichanganywe.

Neno la kutega sikio hasa ni "hevi", yaani "nzito" kwa Kiingereza. Ndege ya tani 136 au zaidi hulitamka baada ya jina lake inapoita mnara au waongozaji wa kutua kwa mara ya kwanza. Airbus A380 husema "supa". Kinachohesabiwa ni uzito wa juu ulioidhinishwa wa kuruka, kwa hiyo Boeing 787 ya Air Tanzania ni hevi hata ikiwa tupu.

Ncha za mabawa yake huacha vimbunga viwili visivyoonekana, vikali zaidi ndege ikiwa nzito na inakwenda polepole. Caravan haifikii hata tani 4. Vikiikumba karibu na ardhi vinaibiringisha. Ndiyo maana ikitoka Tanga na kukuta hevi mbele yake inatua Dar, hupewa nafasi ya maili 6 za baharini, yaani kilomita 11 hivi. Wakati wa kuruka husubiri dakika 2, au 3 ikianzia katikati ya njia ya kurukia.

Msiamini hali tulivu. Upepo mwepesi wa ubavuni unaweza kukishikilia kimbunga kimoja palepale juu ya njia. Rubani wa ndege ndogo abaki juu ya njia iliyopitia hevi iliyotangulia ikishuka, na aguse chini baada ya kupita pale ilipogusa.