Siku moja maishani mwangu: mtunza stoo ya spea za ndege, Terminal 1, uwanja wa ndege wa Dar

Saa 10:30 alfajiri. Alamu imelia nimeizima, imelia tena. Nakaa Gongo la Mboto, ukichelewa kidogo tu daladala unaipandia dirishani.

Saa 12 asubuhi. Hanga. Kampuni yetu ina vindege vidogo, Caravan nyingi, zile za Zanzibar na mbugani. Moja imelala wiki ya tatu inasubiri stata jenereta, ile ya kuwashia injini na kuzalisha umeme, hali hiyo sie tunaita AOG, yaani ndege iko chini haiingizi hata mia, na bosi kila akipita ananiuliza mimi utadhani hiyo stata naifyatua chumbani kwangu.

Saa 3. Chai na vitumbua. Dogo wa field kauliza mbona spea zinachelewa hivi. Nikamwambia mdogo wangu, korona 2020 viwanda vilipunguza watu, mafundi wazee wakastaafu mazima, af 2022 ikaja vita ya Ukraine, titani ya Urusi, kile chuma chepesi kigumu cha ndege, ikawa mtihani, na wale wachache wanaofua vyuma vya injini za abiria ndo haohao wanatakiwa na watu wa ndege za kivita na makombora. Ulaya na Marekani wanajaza maghala ya silaha, sie wa Caravan tutasikilizwa saa ngapi? Hata wakubwa wanalia, Airbus ana oda zaidi ya 8,000 hajazijenga, na injini za Pratt & Whitney za A320neo toka 2023 zinashushwa kwa mamia zikaguliwe, kisa unga wa chuma uliotengenezea baadhi ya diski za ndani ya injini ulikuwa na uchafu. Dogo kakodoa, kitumbua kimepoa mkononi.

Saa 6 mchana. Boksi limefika! Hanga zima shangwe. Nafungua, cheti kinasema serial namba inaishia 386, kibati kwenye stata yenyewe 336. Nikakisugua na tambara, nikamulika na tochi ya simu, nikamwita dogo asome bila kumwambia nimeona nini. "Tatu tatu sita, bro."

Saa 7. Vita. Bosi anasema kosa la kuchapa tu hilo, ndege ipae. Nikamwambia mzee wangu, 2023 kuna kakampuni London kanaitwa AOG Technics kamekutwa kameuza spea za injini za CFM56, zile za Boeing 737 na Airbus A320, kwa vyeti vya kughushi, na mashirika makubwa yenye idara nzima za ukaguzi yalikuwa yameshazifunga. Mimi nina tochi ya simu! Na ile Boeing 737 MAX 9 ya shirika la Alaska Airlines, Januari 2024, paneli ya mlango ikachomoka angani, kumbe boliti nne hazikurudishwa, watu wazima kiwandani na karatasi haikuandikwa. Kanyamaza, akaondoka bila kuaga.

Stata nikaifungia kabati la karantini, la spea zenye mashaka, na tiketi nyekundu, muuzaji nikamtumia picha tatu.

Saa 11 jioni. Muuzaji kajibu: tuma picha ya kibati. Aisee.

Saa 2 usiku. Foleni ya Nyerere Road imenitoa roho. Nafika home nachomoa funguo nifungue geti, kumbe ya kabati nimeondoka nayo. Bosi kapiga mara mbili. Sijapokea, nakula kwanza.