Siku moja maishani mwangu: Aprili, changarawe, na ua linalosubiri jua

Watu wa nyumbani wakisikia nafanya kazi ya maua wanadhani nashinda nanusa waridi na kupiga picha. Jamani. Nusu ya kazi yenyewe ni kutambaa kwa magoti kwenye changarawe kama mtu aliyedondosha hereni. Basi leo nawaandikia siku yangu nzima, Ijumaa ya wiki ya tatu ya Aprili, huku Yorkshire kaskazini mwa Uingereza, na saa ni za kwetu kwa hiyo msinichanganye.

Saa kumi na mbili asubuhi. Chai, mkate, gambuti kwenye mfuko, basi. Jua linachomoza ila halina joto lolote, ni kama taa ya friji tu.

Saa moja na nusu. Nimefika bustanini kazini, nyasi nyeupe pee kwa jalidi ya usiku. Kabla sijasaini hata daftari napitia bustani ya mawe kwanza, maana kuna kijimea nimekilinda wiki mbili sasa, jentiana, kirefu kama kidole gumba, kinachotoa ua la bluu kali mpaka simu inashindwa kuipata hiyo rangi. Kwa Uingereza porini kinaota bonde la Teesdale ya juu tu, sio mbali sana na hapa. Leo kina vitumba saba, vimejisokota kama mwavuli uliokunjwa. Lisipotoka jua hakifunguki ng'o, na likifichwa na wingu kinajikunja tena. Nikakiambia tutaonana baadaye.

Saa mbili. Bosi kagawa kazi, mimi nimepewa kona iliyobomoka. Watu wengi hawajui, haya maua ya milimani hayauawi na baridi. Kwao kwenye milima ya Alps theluji inayafunika miezi na miezi, yanalala makavu chini yake kama mtoto ndani ya blanketi. Kinachoyamaliza ni maji, mvua ya hapa ya Desemba na Januari isiyokatika, shingo ya mmea inaoza pale inapogusana na udongo. Ndo maana tunachanganya toroli moja ya udongo na toroli moja ya changarawe, jiwe tunalizika karibu nusu yake halafu tunalilaza kidogo kwa nyuma ili mvua ishuke kwenye mizizi badala ya kutuama, juu tunamwaga kokoto ndogondogo unene wa vidole viwili. Mimi kwetu Lushoto, milima ya Usambara, nimekua naona watu wanakata matuta udongo usishuke na maji, sasa huku nalipwa kujenga kamlima ili maji yashuke. Maisha haya.

Saa nne. Palizi, na hapa lazima niungame. Mwaka wangu wa kwanza nilipewa kipande cha kupalilia nikakisafisha vizuri sana, nikawa najisifia, kumbe vile vijani vyembamba kama nyasi nilivyong'oa vilikuwa miche ya fritilari. Hilo ni ua linaloning'inia kichwa chini, zambarau yenye vidoti vya mraba kama ubao wa drafti, sijawahi kuona kitu kama hicho mahali pengine. Mbegu yake ikiota inatoa kijani kimoja tu chembamba, na inaweza kupita miaka minne mitano kabla hujaona ua. Yaani nilitupa subira ya mtu ya miaka kwenye ndoo ndani ya dakika arobaini. Mzee mmoja anayekuja kujitolea ndiye aliyekuwa ameipanda, hakunigombeza, alichuchumaa tu akaanza kuokota kimoja kimoja kutoka kwenye ndoo. Bora angenigombeza. Mpaka leo kabla ya kung'oa nageuza jani, naangalia shina, nikiwa na shaka naliacha, na bosi akilalamika magugu yamebaki namwambia sawa bosi.

Saa sita na nusu mchana. Chakula kwenye banda la vifaa, nampigia mama, kwao saa nane na nusu na masika imeshika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, umekula?"

"Ndo nakula. Leo maua yamechanua mama, ungeyaona."

"Mnayauza wapi hayo?"

"Hatuuzi. Watu wanalipa kuja kuyaangalia."

Kimya. Nikadhani mtandao umekata.

"Kuangalia tu?"

"Kuangalia tu mama."

"Haya. Mungu ni mwema."

Natoka bandani nacheka peke yangu, nakutana na dada mmoja mgeni ananionyesha simu kwa furaha, ni jentiana yangu, vitumba vitatu vimefunguka, bluu imetulia katikati ya mawe. Jua lilitoka kama dakika kumi na tano hivi wakati mimi naelezea biashara ya kuangalia. Nikakimbia. Wingu limerudi, mwavuli umekunjwa.

Saa nane. Msituni. Huku ndo kwenye raha yenyewe, miti bado uchi, mwanga unafika mpaka chini, na maua yote ya chini yana haraka maana mwishoni mwa Mei majani ya juu yatakuwa yamefunga dari na giza linaingia, kwa hiyo kuchanua, kupata nyuki, kutunga mbegu, kujiwekea akiba ya chakula chini ya ardhi, vyote ndani ya wiki chache. Anemone nyeupe zimetandaa kama mtu kamwaga popcorn. Wenyewe wanasema zinasambaa taratibu mno, kama mita mbili kwa miaka mia, kwa hiyo ukikuta zulia lake kubwa ujue huo msitu una umri. Katikati kuna primrozi za njano ya maziwa, na blubeli ndo zinaanza, kengele za bluu zilizoinamia upande mmoja.

Karibu nusu ya blubeli zote duniani ziko Uingereza, na tangu sheria ya 1981 kuzichimba porini bila ruhusa ya mwenye ardhi ni kosa. Ila kuzikanyaga, ah, kila mtu anazikanyaga. Leo baba mmoja kamkalisha mwanawe katikati kabisa kwa ajili ya picha, na yeye anarudi nyuma, anarudi nyuma, kila hatua naisikia majani yanavyovunjika kwa sababu yamejaa maji yanalia kama mchicha mbichi. Jani likishapondwa halipiki tena chakula, na mmea unaweza kukaa miaka kabla haujarudi sawa. Nikamsogelea taratibu, nikamwelekeza kwenye gogo pembeni ambapo picha inatoka nzuri zaidi. Kashukuru. Nusu ya kazi hii ni kuwahamisha watu bila kuwaaibisha.

Saa tisa na nusu. Chai. Mgeni mmoja ananiuliza kwetu kuna maua? Nikamwonyesha chungu kidogo cha maua kilichoko dirishani hapo hapo mgahawani, urujuani wa Usambara, ule wa majani yenye manyoya, unauzwa supamaketi zote huku. Mjerumani mmoja, Walter von Saint Paul-Illaire, aliuchukua kwetu 1892, na wazee wake bado wako milimani, kwenye miamba yenye kivuli na unyevu ndani ya msitu. Akashangaa. Nikamwambia ni mtu wa kwetu huyo, ila yeye kapata kazi ya ndani.

Saa kumi na moja jioni. Kukusanya vifaa, kufunga geti. Nikapita kwenye anemone, nazo zimeshafumba, vichwa chini, zimelala kabla yangu.

Saa kumi na mbili. Kwenye basi natoa kokoto kwenye gambuti, naangalia utabiri. Kesho jua saa tatu mpaka saa sita. Kesho pia ni off yangu, nilishapanga kulala mpaka saa nne na kufua.

Basi la saa mbili na robo lipo hata Jumamosi, nimeangalia.