Ruta haikuwa na makosa: nilivyofungua seva ya Minecraft nyumbani Nakuru

Dada yangu alipohamishiwa kazi Kakamega mwezi wa kwanza, kilichowauma watoto zaidi kilikuwa ziwa. Mwanangu na binamu yake walikuwa wanajenga Ziwa Nakuru ndani ya Minecraft, mchezo wa kompyuta wa kujenga kwa matofali, kwenye kompyuta moja hapa kwangu mtaa wa Section 58, wakipokezana kipanya: huyu anachimba, yule anapanga heroe wa sufu ya waridi kandokando ya maji. Walikuwa wamefika nusu ya ukingo. Nikawaahidi kwamba wataendelea kulijenga hata wakiwa miji miwili, na ahadi ni deni. Deni hilo lilinichukua wiki tatu kulilipa.

Seva yenyewe, yaani programu inayoendesha mchezo ili wachezaji waingie kutoka kompyuta tofauti, haikunisumbua. Nilipakua ile ya toleo la Java, nikaiweka kwenye kompyuta ya zamani yenye RAM ya GB 8, nikaigawia GB 4. Ukiiwasha mara ya kwanza inajizima. Unafungua faili la eula.txt, unabadilisha false kuwa true kuonyesha umekubali masharti, ndipo inakaa. Mwanangu akaandika anwani ya kompyuta hiyo, 192.168.1.20, kwenye laptopu ya mama yake, akaingia. Akapiga kelele nyumba nzima ikasikia. Nami nikadhani nimemaliza, kumbe hatukuwa tumetoka hata sebuleni.

Namba hiyo inatambulika ndani ya nyumba tu. Hata jirani yangu anaweza kuwa na 192.168.1.20 yake. Mtu wa nje hubisha kwa ruta, kile kifaa kinachogawa intaneti nyumbani, na ruta isipoambiwa mgeni wa mchezo apelekwe kwa mashine gani, inamwacha hapo hapo. Basi nikafanya yanayofanywa na kila mtu. Nikaingia kwenye ukurasa wa ruta, nikaifungia kompyuta anwani yake isije ikabadilika kila stima inapopotea na kurudi, nikaelekeza kwake poti 25565 ya TCP, mlango ambao Minecraft hupokelea wageni, nikairuhusu Java ipite kwenye kinga ya Windows. Nikampigia mpwa wangu simu.

"Mjomba, imezunguka weee, halafu ikasema imeshindwa kuunganisha."

Nilifuta kila kitu nikaanza upya mara nne. Nilikuwa pia najidanganya bila kujua, kwa sababu nilijaribu ile anwani ya nje niliyompa mpwa wangu nikiwa ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Ruta nyingi za nyumbani hazijui kumtoa mtu nje kisha zimrudishe ndani, kwa hiyo jaribio la namna hiyo linaweza kushindwa hata kama poti iko wazi kabisa. Lazima utoke kweli. Nikaunganisha laptopu na intaneti ya simu, nikajaribu. Bado.

Jumamosi usiku, watoto wamelala, nikafungua tena ukurasa wa ruta, safari hii si kwa ajili ya poti. Nilitaka kuona ruta yenyewe imepewa anwani gani na kampuni inayotuletea intaneti. Ilikuwa inaanza na 100.72. Nikaingia kwenye tovuti moja inayokuonyesha anwani unayoonekana nayo duniani: ilianza na 41. Nikaziandika zote mbili kwenye karatasi, moja juu ya nyingine, nikazitazama kwa muda. Ruta yangu haikuwa na anwani ya nje hata kidogo. Nilikuwa nimefungua mlango wa chumba ambacho geti lake liko kwa mtu mwingine.

Anwani za mfumo wa zamani, IPv4, ni kama bilioni 4.3 kwa jumla, na hazina kuu ya dunia iligawiwa ikaisha mwaka 2011. Mwaka uliofuata kikatengwa kipande maalumu, kuanzia 100.64 hadi 100.127, ili kampuni za intaneti ziwagawie wateja humo na kuwatoa nje wengi kwa anwani moja. Utaratibu huo unaitwa CGNAT. Sisi tuliokulia Vihiga tunaujua kwa jina jingine: sanduku la posta la shule. Kijiji kizima kilipokea barua kwa S.L.P. moja. Ukiandika wewe kwanza, jibu linakuja na jina lako juu ya bahasha na mwalimu mkuu anajua la nani. Lakini barua iliyotumwa na mgeni bila jina la mpokeaji inabaki palepale ofisini. Seva ya mchezo huishi kwa barua za namna hiyo.

Kwa hiyo kabla hujagusa poti, linganisha hizo namba mbili. Zikifanana, endelea na poti. Zikitofautiana, na ile ya ruta inaanza na 100.64 hadi 100.127, au na 10, achana na poti kabisa. Inaniuma kwamba maelezo mengi niliyosoma yaliliweka jambo hili mwisho, mengine hayakulitaja.

Nilipiga simu kwa kampuni. Dada aliyepokea alinisikiliza vizuri, akaniambia anwani ya pekee hupewa wateja wa vifurushi vya biashara. Nikaangalia IPv6, mfumo mpya wenye anwani za kumtosha kila mtu. Ruta yangu haikuwa imepewa. Kukodi mashine ndogo Ulaya ya kutupokelea wageni ingewezekana, ila mchezo ungelazimika kusafiri Nakuru hadi Ulaya na kurudi Kakamega, na watoto wangeona kila jiwe likichelewa kuvunjika.

Nikaamua kutumia Tailscale, programu ya kuunganisha kompyuta zilizo mbali kama ziko kwenye mtandao mmoja wa faragha. Kila kompyuta inaandika barua ya kwanza yenyewe kwenda nje, kisha zinatambulishana na kujengewa njia yao ya siri, bila kufungua poti yoyote. Kwa familia ndogo ni bure. Kilichonitatiza kidogo ni kwamba nayo hugawa anwani zinazoanza na 100, kutoka kipande kilekile, nikadhani nimerudi pale pale. Nilimwelekeza dada yangu kwa simu akaiweka kwenye laptopu yake, kitufe kwa kitufe, sufuria ikichemka nyuma yake. Kisha nikafuta ule mwelekeo wa poti kwenye ruta, nikawasha kwenye seva orodha ya wanaoruhusiwa, majina mawili tu.

Amri ya tailscale ping, inayopima njia kati ya kompyuta mbili, mwanzoni ilionyesha tunapitia kituo cha kati. Baada ya majibu machache ikaandika kwamba njia imekuwa ya moja kwa moja, milisekunde 34.

Kwenye dirisha jeusi la seva likatokea jina la mpwa wangu. Mwanangu alikuwa amesimama kwenye maji, hakusogea. Yule mwingine hakusema habari, alifungua sanduku lao la mbao, akahesabu sufu ya waridi iliyobaki, ndipo sauti yake ikatoka kwenye simu yangu:

"Nani amechukua kumi na mbili?"