Dawa niliiua mwenyewe kwa ujanja wangu

Nauza mahamri na viazi karai Majengo, na miaka miwili nimekaanga na dera la mikono mirefu mpaka natota jasho, kisa viwiko. Magamba meupe, chini ngozi imekuwa zambarau, ukikuna yamwagika kama unga. Siku moja gamba likadondoka kando ya karai, mteja akaliona, "dada, baadaye tu", na hakurudi.

Kila mtu daktari. Shangazi kasema choa, jirani kasema jicho. Binamu yangu ndio alinimaliza: hiyo ni soriasisi, ugonjwa wa ngozi wa magamba, nayo yataka vitamini D, vitamini D ni jua, nenda ukajianike. Nikajilaza ufuoni Bamburi saa saba mchana kama ng'onda. Nikaungua, na palipobabuka pakaota magamba mapya. Jua la Mombasa lingekuwa dawa tosha, mie si nimezaliwa humu humu?

Daktari wa ngozi akaniandikia kalsipotrioli, hiyo ni jamaa ya vitamini D ila ya kupaka, maana ngozi yetu sisi wenye soriasisi yakua mbio kupita kiasi na hiyo yaipunguza kasi. Tyubu ikala faida ya wiki nzima. Sasa sikia ujanja wangu: nyumbani nilikuwa na tyubu ya asidi salisiliki ya kubandua magamba, nikaona mbona nipake mara mbili, nikaminya zote kiganjani, nikakoroga na kidole kama nachanganya hamira, nikapaka, na nikajisifu kwa dadangu eti nimewapita madaktari. Wiki sita! Hakuna kitu. Nikarudi kwa mfamasia nikiwa nimevimba kwa hasira, dawa yenu ni feki, akaniuliza wapaka na nini, nikamwambia, akacheka mpaka akashika kaunta. "Mama, asidi yaivunja hiyo dawa, wapaka mafuta matupu."

Nikaanza upya. Naoga maji vuguvugu, napaka mafuta ya nazi kama nusu saa, magamba yakilainika nayafuta na kitambaa (jiwe la kusugulia kisigino usithubutu, nilijaribu, usiniulize), naosha mafuta, nakausha, ndio napaka dawa. Usoni usipeleke, yawasha, na mikono uoshe. Mjomba naye kaleta tembe za vitamini D nimeze juu yake, daktari akakataa, kalisi, yale madini ya mifupa, isije ikapanda kupita kiasi kwenye damu, hata hiyo ya kupaka mtu mzima asipite gramu 100 kwa wiki.

Wiki ya tatu magamba yakapungua, mwezi wa pili viwiko laini, yamebaki madoa tu. Goti la kushoto bado kaidi.

Jana nimekaanga mikono nimeikunja, najishaua, mafuta yakanirukia kiwikoni. Sasa kila asubuhi nachungulia hapo, maana soriasisi yapenda kuota penye kidonda.