Anahemea Nini?

Ukipitia mafaili ya wodi nyingi utadhani Watanzania wote tunapumua mara 20 kwa dakika. Babu wa miaka 80, mama aliyejifungua jana, kijana wa bodaboda aliyevunjika mguu, wote 20. Presha ina mashine yake, joto lina kipimajoto, mapigo unayasoma kwenye oksimita kidoleni. Pumzi peke yake ndiyo inayomdai muuguzi asimame na saa dakika nzima, na kwenye zamu ya usiku yenye wauguzi wawili na wodi iliyojaa, dakika hiyo ndiyo ya kwanza kuibwa.

Nilikuwa mwaka wa pili wa diploma ya uuguzi, niko mafunzo kwa vitendo katika hospitali moja ya wilaya huko Nyanda za Juu Kusini. Ulikuwa msimu wa baridi, wagonjwa wa kifua wamejaa. Jioni mama mmoja alimleta binti wa dada yake, mwanafunzi wa sekondari wa miaka 16, amelegea na anahema. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Kwa kuwa anahema, akaandikiwa nimonia: sindano za seftriaksoni, oksijeni, wodi ya wanawake. Chati ilisema joto 36.4, mapigo 128, pumzi 20.

Sista niliyekuwa naye usiku ule alikuwa mama mtu mzima anayekaribia kustaafu. Chati hakuigusa. Alisimama miguuni pa kitanda akamtazama binti kwa muda, kisha akaniita.

"Mwanangu, nihesabie pumzi. Mshike mkono kana kwamba unahesabu mapigo, asijue."

Mgonjwa akijua unamhesabia pumzi hubadilisha anavyopumua, hata bila kukusudia. Nikamshika mkono, macho yangu yakiwa kwenye khanga iliyomfunika. Kwa dakika nzima ilipanda na kushuka mara 36.

Idadi tu isingenishtua, kwa maana wenye nimonia nao huhema haraka. Lakini wale niliowazoea huvuta pumzi fupifupi, kwa woga, kwa sababu ndefu inawachoma ubavuni. Pua zinatanuka, na kwa watoto wadogo unaona sehemu ya chini ya kifua ikibonyea ndani. Huyu binti alivuta mpaka mwisho, kifua na tumbo pamoja, akashusha, akavuta tena papo hapo kwa mwendo uleule, kama mtu aliyepanda kilima na ndoo ya maji kichwani. Ila yeye alikuwa amelala. Midomo yake ilikuwa imekauka hadi ngozi inabanduka.

Sista alimwegemeza mbele, akapitisha stetoskopu mgongoni, juu hadi chini, kulia na kushoto. Hakusikia mkwaruzo wowote. Oksimita, ambayo hupima pia oksijeni kwenye damu, ilisoma asilimia 98. Akautoa mpira wa oksijeni puani, tukasubiri. Ikasoma 97.

"Hewa anayo. Mapafu safi. Sasa anahemea nini?"

Jibu lilikuwa kwenye daftari langu bwenini. Darasani tulikariri majina ya aina za upumuaji wa wagonjwa kwa mfululizo, Kussmaul, Cheyne-Stokes, Biot, na kuchora mistari ya mawimbi ya kila mmoja. Kwenye karatasi mawimbi hayo hayafanani hata kidogo, na nilipata alama nzuri tu. Adolf Kussmaul, daktari Mjerumani, aliueleza upumuaji huu mzito mwaka 1874, kwa wagonjwa wa kisukari waliokuwa wanaelekea kufa, karibu nusu karne kabla insulini haijapatikana. Insulini ikikosekana, sukari inajaa kwenye damu na mwili hauwezi kuitumia; unaunguza mafuta, ketoni, yaani mabaki ya mafuta hayo yenye asidi, zinarundikana, damu inakuwa na asidi. Mapafu hayana ugonjwa. Yanahangaika kuipunguza hiyo asidi kwa kutoa kabonidayoksaidi nyingi kadiri yanavyoweza. Ungemfungulia oksijeni hadi asubuhi angeendelea kuhema tu.

Sista alimgeukia mama mdogo wa binti. "Dada, huyu mtoto anakunywa maji sana?"

"Mno, sista. Usiku haachi kwenda kukojoa, mpaka nikamwekea ndoo ndani. Na amekonda, sketi ya shule inamvuka. Nilidhani ni mawazo ya mtihani."

Chini ya kitanda palikuwa na chupa za soda. Mama mdogo alikuwa akimnywesha apate nguvu. Sista aliinama karibu na mdomo wa binti, akanusa, akanivuta na mimi ninuse. Sikusikia kitu. Yeye alisikia wazi harufu ya dawa ya kufutia rangi ya kucha, harufu ya ketoni. Baadaye nilijifunza kwamba kuna watu ambao pua zao haziipati kabisa.

Mashine ya sukari ilikuwa wodi ya wanaume. Nilikwenda mbio. Tone la damu likawekwa, na badala ya namba ikaandika "HI": kwa mashine ile, sukari imepita 33. Daktari wa zamu alikuja akabadilisha matibabu, maji ya chumvi ya dripu lita ya kwanza ndani ya saa moja, kisha insulini kidogokidogo kila saa. Soda zikaondolewa. Mimi nikapewa kiti na kazi moja.

Saa kumi alfajiri nilihesabu 24, nikaenda kumpa sista habari njema.

"Umemwita akaitika?"

Sikuelewa. Akanieleza tukitembea kurudi kitandani: mgonjwa wa namna hii pumzi zikipungua, aidha asidi inashuka au mwenyewe amechoka kuhema, na karatasini namba ni ileile. Akamgusa bega, akamwita kwa jina. Binti akafumbua macho, akatutazama mmoja mmoja.

"Soda yangu iko wapi?"

Mama mdogo alicheka hadi akalia.

Siku ya kuruhusiwa, binti alikuwa tayari anajichoma insulini mwenyewe. Aliyekuwa na wasiwasi ni mama mdogo: nyumbani hakuna friji ya kuihifadhia. Sista akamwelekeza, chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga uliolowa, juu kitambaa kibichi, kivulini.

"Mchanga wa mtoni, sista, au wowote?"

"Wowote, dada. Usikauke tu."