Ukungu wa siku ile

"Ulikulowesha wapi?"

Tangu Jumatano swali hilo haliniachii. Yaya, dada yangu mkubwa, amejifungua mtoto wa kiume, umeme umekatika siku tatu, darasa langu la tano limemaliza mitihani, na mimi bado niko kule Nyawera, mtaa wa hapa Bukavu, kwenye kiti cha mbao, mbele ya yule mzee anayenisomea kazi zangu.

Alikuwa amezungushia duara kila "ukungu" kwa kalamu ya risasi. Kurasa 8, maduara 11. Ukungu wa vita, ukungu wa kumbukumbu, ukungu machoni mwa mama, na mwisho baba anapanda boti ya Goma, "anamezwa na ukungu".

"Huu wa mwisho uliuona, binti yangu?"

"Ndiyo, papa. Nilikuwepo bandarini."

"Ulikulowesha wapi?"

Nikanyamaza. Akanirudishia karatasi, akasema chai inapoa.

Nilipanda Kadutu kwa miguu, hasira imenikaba. Neno lenyewe ndilo limebeba mengi! Kifaransa kimejigawia: usipoona kilomita 1 mbele yako ni brouillard, ukiona kupita hapo ni brume. Sisi yote ni ukungu, na ukungu ndio huo unaoota juu ya mkate, ndio huo unaofunika macho ya mzee. Waandishi tukaona tumepata shuka la kufunikia kila kitu. Mtu afe bila maiti kuonekana: ukungu. Nchi isijue iendako: ukungu. Na wageni wakiandika juu ya milima yetu, Kahuzi haupati jua hata ukurasa mmoja.

Halafu ukungu wa kweli naujua! Maji ya Kivu hukaa na uvuguvugu, nyuzi 23 au 24, usiku hewa ya mlimani inashuka na baridi yake, na kabla ya kupambazuka ziwa linafuka kama sufuria iliyofunuliwa. Wavuvi wa sambaza unawasikia wakiimba kabla hujaona taa zao. Kitenge kinakuwa kizito mabegani. Nywele zinashika vitone vidogo vidogo, ukipitisha kiganja kinatoka kimelowa. Hapo ndipo unapolowa. Mbona sikuandika hata kimoja?

Ijumaa nilimkuta mama uani, kwenye kigoda, anakwangua ukungu wa mihogo kwa kisu. Ngozi nyeusi yenye manyoya ya kijivu ilikuwa inadondoka miguuni pake, chini yake muhogo unatokea mweupe.

"Mama, asubuhi ile ya baba, ukungu ulikuwa mwingi?"

Kisu kikasimama.

"Ukungu gani? Mvua ilinyesha usiku, asubuhi jua tupu. Niliona mpaka nguo zilizoanikwa Cyangugu, ng'ambo Rwanda. Baba yako alisimama nyuma ya boti na shati yake ya bluu, nikamtazama mpaka wakazunguka rasi."

Akapuliza unga kwenye kisu, akachukua muhogo mwingine.

Hasira yangu juu ya yule mzee iliishia pale pale. Nilikuwa na miaka 9, nimeshika upindo wa kitenge cha mama, na miaka yote hii nimeona ukungu kwa macho yangu, ningeapa. Kumbe ni mimi niliyeushusha. Mama alimtazama mpaka mwisho, mimi sikuweza.

Jana nimefuta yote 11. Mahali pa ule wa mwisho nimeandika shati ya bluu, nikakwama hapo, maana sijui kama alipunga mkono. Mama anajua. Mara mbili nimefungua mdomo nimuulize, mara mbili nikaomba chumvi.

Yaya amepiga simu usiku huu: macho ya mtoto yana manjano, na leo ni siku ya nne. Nimemwambia tutampeleka kituo cha afya kukicha. Motari wetu wa pikipiki hashiki simu, na njia ya kwao kwa mvua hii sijui tutaishukaje na kichanga.