Kilo zimeenda, ngozi imebaki

Watu wakiniona siku hizi cha kwanza ni "ai, umeisha wewe!" na mimi nafurahi kweli, nimepunguza zaidi ya kilo 50, presha imeshuka, ngazi za plot yetu hapa Umoja napanda mpaka ghorofa ya nne nikiongea na simu. Lakini wao wanaona nguo tu. Chini ya nguo kuna ngozi ya tumbo imelala juu ya mapaja kama aproni, na nimeanza kufikiria kwa dhati kwenda kukatwa hiyo ngozi.

Nikishaoga asubuhi nainua hilo kunjo kwa mkono mmoja, napangusa chini yake kwa mkono wa pili, polepole mpaka pakauke kabisa, halafu naweka kitambaa cha pamba nilichokata kwa leso kuukuu. Nikikosa kufanya hivyo, ikifika jioni nimebanwa kwa matatu na jam ya Jogoo Road pameshakuwa pekundu, panawasha, pengine pamechubuka, na harufu naisikia mwenyewe. Dawa ya fangasi inatuliza kwa muda, jua likiwaka tena tunarudi palepale. Hata kukimbia siwezi bila kuvaa baika, ile kaptura ya kubana sana, kwa sababu ngozi inaruka na kuvuta kiuno. Kwa hivyo mtu akiniambia ni urembo tu nafuata, inaniuma.

Mamangu ananiambia, "Si umshukuru Mungu mwanangu, uliomba kupungua ukapungua, kisu cha nini tena?" Najua ni uoga wa mzazi na namheshimu, lakini kushukuru na kutaka kukaa bila vidonda vinaweza kwenda pamoja. Wengine ni wale wa "piga sit-up itarudi". Misuli ndiyo inakazwa na mazoezi. Ngozi ikivutwa miaka mingi nyuzi zake za ndani, kolajeni na elastini, zinaharibika, na hayo mafuta ya kukaza ngozi tunayouziwa mtaani hayawezi kuondoa ngozi iliyozidi namna hii, pesa yako inaenda bure tu.

Daktari niliyeenda kumwona alinieleza kuna njia mbili. Moja, panikulektomi, inaondoa tu hiyo ngozi inayoning'inia. Ya pili ndiyo watu wanaita tami taki, hapo wanakaza pia misuli ya tumbo na kupanga kitovu upya. Anataka uzito wangu ukae mahali pamoja angalau miezi 6 kwanza, nipimwe damu, nile protini ya kutosha, manake mtu aliyepungua sana anaweza kuwa amekosa madini ya chuma na kidonda chake kikachelewa kupona. Anayevuta sigara lazima aache wiki kadhaa kabla. Na kama bado unapanga kupata mtoto, heri umalize kuzaa kwanza, mimba itaivuta ngozi tena.

Kovu linatoka nyonga hadi nyonga na halifutiki, linafifia tu. Hilo nimelikubali kitambo. Kinachoninyima usingizi ni yale mengine, kidonda kufunguka, maji kujaa chini ya ngozi mpaka uwekewe mirija ya kuyatoa, na zaidi ya yote damu kuganda mguuni halafu ipande mapafuni, ndiyo maana wanakuamsha utembee mapema hata kama unalia. Halafu mkanda wa kubana wiki nyingi, na kama wiki 6 bila kuinua kitu kizito, na mimi nina mtoto wa darasa la pili ambaye bado anataka kubebwa akisinzia. Dadangu amekubali kuja kutoka Nakuru kukaa nasi.

Pesa nayo. Bima huwa wanaiita urembo na kufunga faili, lakini nimeanza kuweka karatasi za kila mara nimetibiwa hivyo vipele, pamoja na picha, nikaombe hata kama watakataa. Pesa zingine naweka kwa sacco.

Na tafadhali, usifuate bei ya chini. Hatujasahau 2024, yule mama aliyefariki baada ya kufanyiwa upasuaji kwenye kliniki ya urembo hapa Nairobi, KMPDC, lile baraza linalosimamia madaktari Kenya, wakaamuru ifungwe. Jina la daktari unaweza kulitafuta kwa orodha ya KMPDC mtandaoni, uone kama ana leseni na kama kweli amesomea huo upasuaji.

Nimeamua ni tumbo peke yake. Mikono inaning'inia pia lakini haiwashi wala kunizuia kazi, nitaiacha. Kabla sijalipa chochote naenda kwa daktari wa pili, na maswali nimeshaandika: ni hospitali gani utanifanyia na kama wana ICU, nani atanipa nusukaputi na atakaa nami mpaka mwisho, umefanyia wangapi waliopungua kama mimi, na nikianza kuvuja damu saa nane usiku nikiwa kwangu Umoja, ni nani atashika simu.